Mwano Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi mpaka kwenye jabali na kurudi, mara mbili. Goti la kushoto linauma kwenye mteremko tu. Nikanywa maziwa mgando, nikaenda kuvuna pamba. Mke wangu Kabula anasema nimekuwa kama ndama aliyekata kamba, nakimbia bila wa kunifukuza. Acha aseme.

Shija hachoki. Hilo ndilo linaloniudhi. Tumekua pamoja hapa Ngulyati, tunalima kikundi kimoja, tumeoa mwaka mmoja. Anakimbia na makatambuga, viatu vya matairi, huku anapiga mluzi. Mimi nina raba, na bado ninachokiona ni mgongo wake.

Zimebaki siku kumi na tisa kufikia mbio. Maswa mpaka Bariadi, kwa njia za ng'ombe, siyo barabarani. Bwana wa kampuni ya pamba iliyoandaa mbio anasema ni mbali kuliko marathoni. Huku hakuna aliyewahi kushindania umbali huo. Mshindi anapewa maksai wawili na plau.

Jumatano, 12 Juni

Nawataka wale maksai. Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Miaka tisa nilisimama kwenye mizani ya chama cha ushirika. Watu waliniita karani, siyo Maduhu, wakanipisha njiani. Kampuni za watu binafsi zikaja kununua pamba, chama kikalegea, tukapunguzwa kazi. Maksai wangu niliwauza mwaka uleule. Sasa nalima kwa jembe la mkono na watu wananiona. Cheo kilichobaki ni ukatibu wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Hakina mshahara.

Leo bwana wa kampuni alinifuata kwa sababu ya ukatibu huo. Ametoka Mwanza, mambo ya huku hayajui, lakini kuna mtu amemwambia neno la maana: huku mtu akikimbia peke yake porini ni mwizi wa ng'ombe. Watapiga mwano, ule ukelele wa kuitana, na kila mwanamume ataacha alichoshika aje. Anayefukuzwa asipokaa chini, shauri yake.

Kwa hiyo amenipa barua tano, kwa sungusungu wa vijiji vitano njiani, ili wajue siku hiyo kuna mbio. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Barua nne zimefika. Siku mbili juu ya baiskeli, makalio hayatamaniki.

Ya tano ni ya kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Simiyu. Kamanda wao ni Jilala. Mwaka jana nilichelewa kwenye mwano wao. Akanisimamisha juani mbele ya vijana niliowazidi umri, akanitoza mbuzi. Akasema karani amezoea kusubiriwa. Watu wakacheka.

Nilifika mpaka ukingoni. Nikaona mabati ya kwao kule juu. Nikageuza baiskeli. Nitaenda Jumanne.

Jumanne, 18 Juni

Sikwenda. Shija alikuja alfajiri, tukafanya safari ndefu, kutoka giza mpaka jua la utosi. Mguu ulikuwa mwepesi leo. Kwa mara ya kwanza nilimwacha, kwenye mchanga, hatua mia hivi. Nilifurahi kupita kiasi.

Tulipokuwa tunapumzika aliniuliza kama barua zote zimefika, maana yeye huwa anatangulia na hataki kuchomwa mshale kwa ajili ya plau. Nikamwambia zote.

Neno moja tu. Lilitoka lenyewe.

Ijumaa, 21 Juni

Goti limevimba. Mama yake Shija alisikia, akaja na kibuyu cha samli. Akalikanda karibu saa nzima, akisema goti ni kama mtoto, halitaki kugombezwa. Nilikaa nimeangalia chini. Kabula alidhani ni maumivu.

Jumatano, 26 Juni

Goti limepoa. Baiskeli ina pancha. Ningeweza kutembea. Ningeweza kumtuma mtu yeyote anayeenda mnadani.

Bwana wa kampuni alipita na lori akaniuliza mbele za watu. Nikasema tayari. Sasa nimesema mara mbili, kwa watu wawili. Kurudi nyuma kumekuwa kugumu.

Nimejipa maneno. Watu thelathini na zaidi wanapita, nani atawadhani wezi? Wezi hawaji thelathini mchana kweupe. Isitoshe Jilala ana masikio, atakuwa amesikia kwa majirani. Nimeyarudia maneno haya tangu asubuhi. Yangekuwa kweli nisingeyarudia.

Ijumaa, 28 Juni

Maswa. Tumeletwa kwa lori la pamba. Jua bado lipo, naandika nimeegemea ukuta wa ghala. Wakimbiaji ni thelathini na wawili. Wapo wa kutoka Mwanhuzi, warefu, wachunga ng'ombe, miguu kama mipini ya majembe. Nawaogopa hao kuliko Shija.

Shija ananiambia twende pamoja mpaka mtoni, baada ya hapo kila mtu na miguu yake. Amenipa nusu ya matobolwa yake, vile viazi vikavu vya kuchemsha, mama yake aliyafunga mengi.

Ningemwambia leo. Angejua kwamba pale akisikia mwano akae chini. Lakini angeuliza kwa nini nilisema zote. Angemwambia bwana wa kampuni. Ningetolewa kwenye mbio na ukatibu ungeondoka pia. Naogopa. Nimenyamaza.

Jumapili, 30 Juni

Jana sikuandika.

Tulianza alfajiri, baridi, vumbi baya. Wengi walitoka kama wanakimbilia pombe ya bure. Shija akanishika bega, tulia. Tukatulia. Jua lilipokuwa juu ya miti tulikuwa tumewapita nusu. Kwenye mashamba ya mtama niliteguka kidogo, nikaendelea. Nilikula matobolwa mawili. Kabla ya mto tulikuwa mbele ya wote. Wa Mwanhuzi walibaki nyuma kwa muda wa kuchemsha uji.

Mtoni maji yalikuwa vidimbwi tu. Nilisimama kunywa. Shija hakusimama. Alipanda ukingo anapiga mluzi, akapotea juu.

Nikasikia sauti ya mwanamke kwanza. Halafu filimbi. Halafu wanaume wengi, mwano kamili, ukipokewa kutoka boma hadi boma. Nilijua ni wa nani. Hakukuwa na mtu mwingine wa kupigiwa mwano mahali pale.

Nilikuwa na miguu ya kufika. Mimi ni katibu, wengi pale wananifahamu kwa sura. Neno langu moja lingetosha. Lakini neno hilo lingekuwa pia kwamba barua haikuja, na Jilala angekuwa amesimama hapo akinisikiliza.

Niliingia korongo la kushoto. Linazunguka chini ya kijiji. Nilikimbia nimeinama ili kichwa kisionekane. Mwano ulikuwa kulia kwangu, kisha nyuma yangu, kisha ukakatika. Kukatika kwake kulikuwa kubaya zaidi. Sikusimama. Nilifikiri, atakaa chini, anaijua sheria. Nilifikiri pia kwamba sasa niko wa kwanza. Nayaandika yote mawili.

Kutoka pale mpaka Bariadi sikumbuki goti. Uwanjani ngoma zilikuwa zinalia. Walinifunga kitambaa shingoni. Maksai walikuwa wamefungwa kwenye mwarobaini, mmoja mwekundu, mmoja mweusi mwenye baka. Bwana wa kampuni alinishika mkono hakuuachia.

Tukamsubiri wa pili. Robo saa. Nusu saa. Ngoma zikapunguza. Saa nzima ikapita, bwana wa kampuni anatazama saa yake na njia, saa yake na njia. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele akaniuliza, taratibu tu, "Ngosha, mwanamume wewe, wenzako wako wapi?"

Nikasema wanakuja. Hakuuliza tena. Lakini aliendelea kuniangalia.

Walikuja na lori, wote. Thelathini walikuwa wamesimama nyuma na Shija amelazwa juu ya magunia ya pamba. Mwano ulipolia, kila mmoja aliziacha mbio akakimbilia kule, kama sheria inavyotaka. Hata wa Mwanhuzi, ambao hatuwajui. Walimkuta Shija yuko chini, fimbo zinashuka. Mmoja wa hao warefu alijilaza juu yake mpaka wengine walipofika wakapiga kelele kwamba ni mkimbiaji. Mguu umevunjika mahali pawili. Mkono pia. Jicho moja halifunguki.

Waliteremka mmoja mmoja, wakaniona na kitambaa changu shingoni.

Jumatatu, 1 Julai

Hospitali. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Mama yake alikuwa mlangoni. Aliniuliza jambo moja: "Hukuusikia?"

Nikasema upepo ulikuwa unavuma kwenda upande wa pili. Mayu yule, mama wa watu, akaitikia kwa kichwa. Mikono yake ndiyo iliyonikanda goti.

Shija anaongea kwa shida. Alikuwa anamwambia kila aliyeingia kwamba barua ilifika, kwamba Maduhu mwenyewe aliipeleka, kwamba wale wa ng'ambo wanaficha. Jilala anasema hakuona barua. Shija anamwita mwongo. Alinishika kidole kwa mkono ule mzima na kuwaambia watu wamuulize Maduhu, yuko hapa.

Wakanigeukia. Nikasema wacha apumzike.

Jumatano, 3 Julai

Vijana wa kwetu wamenoa mapanga. Wanasema wale walificha barua makusudi, walitaka kuua mtu wa Ngulyati. Wanataka kuvuka mto. Wameniuliza kama nitaandika majina ya watakaokwenda. Nimesema kalamu imekwisha wino.

Kabula hajaniuliza chochote. Jana alikuta barua hiyo ndani ya daftari hili akitafuta kibiriti. Hajui kusoma, lakini muhuri aliuona, na bahasha tano alizihesabu siku ile zilipoletwa. Ameirudisha mahali pake. Chakula ananiwekea na kuondoka.

Siwezi kula. Maksai wanalia bomani, hawajazoea.

Jumamosi, 6 Julai

Baraza. Ntemi, mkuu wa sungusungu, aliwaita na wale wa ng'ambo ili watu wasiuane. Jilala alikuja na watu sita. Shija aliletwa kwa mkokoteni, alikataa kubaki hospitalini. Jilala alisema barua haikuja. Vijana wakaguna. Shija akasema imekuja, aliyeipeleka yupo, hajawahi kumdanganya tangu wachunge ndama pamoja.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, kuhusu goti, kuhusu pancha. Yote yakanikimbia.

"Barua sikuipeleka," nikasema. "Na mwano niliusikia. Nilipita korongoni."

Hakuna aliyeguna. Nilitamani wangeguna. Jilala hakufurahi, alitazama mikono yake. Nadhani na yeye alikuwa na fimbo siku ile.

Shija aligeuza kichwa upande wangu. Kisha akaniambia mimi, siyo baraza: "Waliniambia kaa chini. Mimi nikawapungia mkono. Nilijua wananijua."

Nikakaa.

Hukumu haikuchukua muda. Ukatibu nimevuliwa. Nimetengwa mpaka mvua za kulima. Hakuna kunisalimia, kunipa moto, kunisaidia shambani, wala kuja kwangu kukiwa na kifo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hukumu hiyo kwa wengine, kwa mwandiko mzuri. Tumeruhusiwa kuchota maji tu.

Jumanne, 9 Julai

Niliwapeleka maksai kwa Shija. Mama yake alisimama kwenye mlango wa boma na hakuufungua. Hakunitukana. Alisubiri tu nigeuze.

Nikawaswaga mpaka Bariadi, kwa bwana wa kampuni. Alishangaa. Anasema nilishinda kihalali, nilifika wa kwanza, na hakuna mahali imeandikwa kwamba mkimbiaji asimame. Ni kweli haikuandikwa. Nikamwambia mbio ni zake, njia ni yetu. Nikawafunga kwenye mti wake nikaondoka. Plau atatuma lori kuifuata.

Nilirudi kwa miguu, polepole. Goti linauma.

Jumapili, 11 Agosti

Pamba yetu tumemaliza, mimi na Kabula peke yetu. Mikono imechanika. Pamba ya Shija ilivunwa na kikundi kwa siku mbili, niliwasikia wakiimba.

Asubuhi nilikuwa natoka kisimani. Shija alikuwa anakuja kwa njia ileile, na fimbo, mama yake nyuma yake hatua chache, hamshiki. Anautupa mguu pembeni. Kila hatua anaifikiria kwanza. Alikuwa hapigi mluzi.

Njia pale ni nyembamba. Nikaweka ndoo chini, nikaingia kwenye majani, nikasubiri apite. Ilichukua muda mrefu. Hakuniangalia. Mama yake naye hakuniangalia.

Nilipofika nyumbani Kabula aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia Shija anatembea.