Mbwa Aliyekuja na Wifi

Kaka yangu mpenzi,

Sisi wazima. Mbwa wako, aliyekuja hapa na mkeo, ameacha kuuma. Kwa miezi mitatu nimekaa naye sakafuni kila asubuhi, namtupia vipande vya nyama karibu yangu kidogo kidogo, bila kumgusa. Juzi alikuja mwenyewe, akalaza kichwa gotini kwangu.

Kilichobaki ni mkanda. Mume wangu akifungua wake tu, mbwa anajikojolea chini ya meza. Siku hizi shemeji yako anabadilisha nguo kwa kujifungia kama bi harusi. Wifi alipomwona mbwa vile alilia, kisha akanieleza yote.

Umeuliza uje lini kuwachukua. Nimemuuliza. Akasema, "Mwambie nimepata kazi. Mbwa abaki na mimi."

Nakupenda, kaka, lakini usije.

Dada yako