Kilimi ya Neema Hawataikata

Riziki, dada yangu,

Unisamehe kama barua hii iko na hasira. Leo asubuhi Mama yetu ameleta mukata-kilimi hapa nyumbani. Njo ule ule aliyekukata wewe! Kisu mu mufuko. Wanataka kumukatia binti yako Neema kale kanyama kananing'inia mu koo, eti kikohozi itaisha.

Nimemufukuza. Nimemwambia maneno ambayo mukristu hasemi. Wewe ungecheka.

Wewe pia ulikuwa nakohoa tu. Wakakukata, ukatema damu, ukasema "hainiumi sana," ukarudi ku shamba ya maharagi. Kisha homa. Tukasema malaria, tukasema tifoide, ukakonda mbaka sketi yako ya kanisa ikawa inaanguka. Kule hospitali ya Kirotshe njo munganga, daktari, alisikiliza kifua yako, akasikiliza tena. Alisema ulizaliwa na tundu ku moyo; mikrobe ilipita mu kidonda ya koo, ikaingia mu damu, ikaenda kukaa ku moyo palepale. Sindano kila siku, wiki kwa wiki, usikose hata moja. Na ulianza kupona, dada! Ulianza kunitania tena. Halafu bunduki zikafika, watu wote wakakimbia, na sisi tukakubeba mu kipoyo, kile kitanda ya miti ya kubebea wagonjwa, kurudi hapa kwetu Nyamitaba, bila dawa.

Sasa sikia. Mama anaamini ulikufa juu kilimi yako ilikatwa kwa kuchelewa. Kwa kuchelewa! Na muuguzi wa hapa kijijini amemusikiliza Neema: moyo yake iko nafanya makelele kama yako. Nimemueleza Mama mbaka nimechoka. Ananijibu: "Unataka kuniulia na huyu?" Analia kweli, Riziki. Hiyo inaniuma kuliko matusi.

Na mimi naogopa. Barabara imefungwa tena. Kama hii kikohozi ni kitu kibaya, nitamupeleka wapi? Nimemupa maji ya tangawizi, nimemuvalisha sweta, kila mara naweka mukono ku paji yake kuona kama iko na homa. Bado hana.

Mama amesema kesho atamubeba yeye mwenyewe kwa ule muntu. Basi atanipita mimi kwanza.

Lala, dada yangu. Nakuahidi: kisu haitafika mu koo ya mutoto yako, hata kama Mama hataniita tena mutoto yake.

Mudogo wako,
Zawadi