Ukifa, Toa Maneti

Furaha, mwanangu wa kwanza mwenye kichwa kigumu kuliko wadogo zako wote,

Nimekupigia simu mpaka Mama Divine, jirani yangu anayeuza dagaa, hizi ndagala zetu, pale sokoni, akaniuliza kama nimepata mchumba. Wewe hushiki. Unaniandikia tu, "Mama, niko bize." Bize na nini, wakati shule yenu ya umeme imefunga? Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Yeyote atakayeibeba kutoka Base Camp, hapa kambini Nakivale, mpaka kwako Mbarara na aisome, labda haya za watu zitakufanya ujibu.

Najua kila kitu. Mwenzako wa chumba huko Nyamitanga, yule binti wa Rugaaga, alipita hapa akala maandazi yangu, akasema bila kujua kwamba mimi nafichwa. Kwenye mtihani wa mikono, ule wa kufunga waya kwenye ubao, ulianguka. Taa yako haikuwaka. Wenzako walioanguka wamejiandikisha kurudia, wewe hujajiandikisha, na unasema labda umeme si kazi ya wanawake. Furaha, maneno hayo uliyaokota wapi? Kwangu hayakuwepo.

Ni wewe huyu huyu? Mimi nilikuwa nakaanga maandazi mlangoni pa kibanda cha Papa Elia, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya. Nakumbuka ile mashine yake ya michezo ya video, ya kijivu, nzee, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Haikuwa na kadi ya kutunza mahali mtu alipofika. Betri ya sola ikiisha jioni, kesho yake kila mtu anaanza kwenye daraja la kwanza, hata aliyekuwa mfalme jana. Na sheria ya Papa Elia ilikuwa moja: ukifa, toa maneti. Unamwachia mwenzako kile kidude cha kuchezea, unakwenda kukaa mwisho wa benchi, unangoja zamu yako tena.

Wewe ulikuwa msichana peke yako kwenye benchi ile, na uliuchagua mchezo wa yule mtu wa upanga, tena kwenye ngumu, wakati wavulana wote walikuwa kwenye rahisi. Ulikufa, mwanangu. Ulikufa kwenye daraja la kwanza, ukafa majini, ukafa kwa lile jitu la daraja la tatu mpaka mimi nikaanza kulichukia kama mtu ninayemjua. Wavulana walikuwa wanakuimbia, "Dada ya mandazi, kufa tena tucheke." Wewe unatoa maneti, unakwenda mwisho wa benchi, unawajibu, "Mucheke mbio, zamu yenu iko nakuya." Hata machozi hukutoa. Nilikuwa nawaambia wateja, mnamwona yule, yule ni wangu.

Lakini mama ni mama. Nilichoka kukuona unazikwa kila siku. Nikampa kijana mmoja maandazi ya moto, akanifundisha ile kode, yaani kubonyeza vidude kwa mpangilio wa siri mpaka mchezo ukupe maisha yasiyoisha. Nilijifunza mara moja, unajua akili yangu, ingawa shule niliiachia darasa la nne kule Uvira. Zamu yako ilipofika, nikakupokonya maneti, nikaweka kode, nikakurudishia. Jitu likakupiga, hufi. Likakupiga tena, hufi. Nikangoja unishukuru.

Uliweka maneti chini kama chungu cha moto. "Mama, sasa ile njo nini umenifanyia? Ule mutu hakufe tena. Niko nachezea nini?"

Ukatoka. Uliniacha hapo mbele ya wavulana wote, na mimi ndiye niliyekuzaa.

Halafu Jumamosi ile uliliangusha lile jitu. Bila kode, kwenye ngumu. Kibanda kizima kilisimama, nusu ya maandazi yangu yakaungua. Kabla hatujaona zawadi ya kulishinda, betri ikakata, kioo kikawa cheusi. Kesho yake mashine haikukumbuka chochote. Nilitaka kulia. Wewe ulicheka, ukakaa kwenye benchi, ukaanza daraja la kwanza. Mtu aliyefanya hivyo leo anajificha kwa sababu ya taa moja?

Mama Divine anasema kosa ni kinywa changu. Ati nimewaambia watu mno kwamba mwanangu atawasha taa Nakivale nzima, sasa unaogopa kurudi hapa bila cheti. "Kinywa chako njo kinafungia mutoto njia," aliniambia mbele ya wateja. Nikamjibu kinywa ni changu na mtoto ni wangu, auze ndagala zake. Lakini nilipofika nyumbani nililifikiria neno lake. Nalifikiria mpaka sasa, na linaniudhi.

Ngoja nikwambie jambo jingine. Wiki hii nilimfunga miguu yule jogoo mwekundu. Nilitaka nipande gari mpaka Nyamitanga, nimtafute mwalimu wako, nimpe jogoo, nimwambie taa ya binti yangu iliwaka, ni macho yake tu hayakuona. Nilikuwa nimeshavaa kitenge kipya. Halafu nikakuona tena kichwani mwangu, siku ile ya kode, unaweka maneti chini. Nikamfungua jogoo. Sasa anatamba uwanjani na anakula mahindi yangu, na hiyo hasara ni yako.

Badala ya kusafiri nilikwenda kwa Papa Elia, nikakaa kwenye benchi. Usicheke. Nilichagua ngumu, kwa sababu siwezi kuonekana nachagua rahisi. Nilikufa kabla sijajua mimi ni yupi kwenye kioo. Watoto wakapiga kelele, "Mama Furaha, ukifa, toa." Nikatoa. Nikaenda mwisho, nikarudi, nikafa tena. Mama Divine aliacha ndagala zake kwa nzi aje kunicheka. Jana nilivuka daraja la kwanza, na soko lote limeshaambiwa, mimi ndiye niliyeliambia.

Basi jiandikishe kurudia. Halafu panda gari uje, na cheti usilete, sikukiomba. Watakaokuuliza, nitawajibu mimi: mwanangu alianguka kwenye ngumu, wa kwenu yuko wapi? Benchi ya Papa Elia ni ile ile, na utaratibu wake unaujua. Anayekufa hafukuzwi. Anakwenda mwisho, na mstari unasogea.

Nakungoja, maandazi yako nimeyaweka pembeni,

Mama yako, ambaye hataacha kujisifu.