Wanjiru Alikiona Kidonda Kabla Yangu

Akinyi mke wangu, Nyar Seme, binti wa Seme,

Tangu tukuzike, watu wanadhani nalia kwa huzuni peke yake. Wewe nakwambia ukweli: nina wivu.

Wivu huo ulianza ulipoacha kuvua blauzi ukilala. Nilikuwa dereva wa lori la miwa Muhoroni, narudi nyumbani Mamboleo Jumamosi, nikikusogelea unageukia ukuta. "Baba Achieng, nimechoka." Mwili wako wote unanukia marashi. Nikiwa kwenye usukani nilimuona kabisa akilini huyo mwanaume niliyedhani unaye, mrefu, shati jeupe. Nilimchukia hata chakula hakikushuka.

Siku moja ya kazi nikaliacha lori, nikaja bila kusema. Nikakukuta nyuma ya kibanda cha Wanjiru, muuza vitunguu aliyehamia kutoka Nyeri, ukiwa kifua wazi, naye anakuosha kwa maji ya chumvi. Titi lilikuwa limepasuka. Kumbe marashi yalikuwa ya kuficha harufu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua ya mwaka jana," Wanjiru akajibu. Hata jibu lilikuwa lake.

Kliniki walikuwa wamekupa dawa za jipu, wakarudia zilezile. Wanjiru ndiye aliyekupeleka hospitali ya Kombewa, kwenu, na daktari alipokugusa tu akakutuma hospitali kuu ya Kisumu. Huko wakakata kipande cha nyama kikapimwe. Tukangoja majibu wiki nyingi, maana wa kuyasoma ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Yalipotoka, saratani ilishaingia kwenye ini. Tukaanza kemo, ile dawa ya saratani ya kutiwa mshipani. Kuna siku tulifika, nesi akasema dawa imeisha, turudi wiki ijayo.

Nilikuuliza mbona hukuniambia.

"Dada yangu alikatwa titi, bwanake akaoa mwingine kabla jeraha halijapona."

"Mimi si yeye."

"Najua. Niliogopa macho yako tu."

Nikaomba nikuoshe. Ukasema Wanjiru ameshazoea. Basi nikawa wa kuchemsha maji, nasimama nje ya pazia, na ninyi ndani mnacheka. Nilitamani kumfukuza. Halafu asubuhi moja Wanjiru akachelewa sokoni, ukaniita, "Njoo wewe." Nikakiosha kidonda polepole. Hukukitazama. Ulitazama uso wangu mpaka nikamaliza.

"Bado unaniangalia," ukasema.

Asubuhi hiyo ni yangu. Wanjiru hana.

Lakini yeye ana mengine mengi. Juzi amekuja kunisalimia, akacheka peke yake akikumbuka ulivyoniigiza ninavyocheza kanisani, mkiwa kwenye benchi la Kombewa mnasubiri kuitwa. Miaka yote ya ndoa yetu sikujua kwamba unaniigiza! Moyo ukaniuma kama siku ile ya kibanda. Ana mwaka mzima wako ambao mimi sikuuona.

Nikamsogezea kiti, nikamwambia anisimulie yote tangu mwanzo.

Ni mimi mumeo, niliyebaki na wivu,
Baba Achieng