Uji Niliobakiza

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Nduruma, huku Arusha. Vumbi limeniingia hadi masikioni, na Mlima Meru umejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kuamka. Tunapita nyumba kwa nyumba na ule utafiti wetu wa kifafa.

Leo mama mmoja ametukaribisha loshoro, yale mahindi yanayochanganywa na maziwa mgando. Wageni tulipewa vikombe vya bati. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye mgonjwa, akapewa cha plastiki, akaenda kukaa peke yake mlangoni.

"Hicho ni cha kwake," mama akaniambia taratibu. "Tunaogopa mate."

Daktari wetu akamweleza kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizwi kwa mate. Mama akaitikia kwa adabu, lakini hakusogea.

Basi nikamfuata yule dada, nikamwomba kikombe chake, nikapiga funda. "Hata mimi nina kifafa," nikamwambia, "tangu utotoni." Alinikodolea macho, kisha akacheka. Mama yake akaja, akakichukua kikombe, naye akanywa.

Hapo nikakukumbuka. Kila asubuhi ulikuwa ukimalizia uji niliobakiza, tena barazani, majirani wakiona. Mimi nilikuwa nanuna, nikidhani una ulafi tu.

Nisamehe, shangazi yangu, na asante sana. Dawa nameza kila siku. Nikirudi nitakubakizia uji.

Mwanao,
Zawadi