Mtani Wangu wa Stesheni ya Ruvu

Mdogo wangu Mwanahawa, hujambo huko Kisarawe? Mjukuu wetu Zuhura ndiye anayeniandikia.

Nimeshuka Ruvu, stesheni ileile ndogo ya kizamani, mvua inanyesha. Nikapiga kelele dirishani pa tiketi: "We Mnyamwezi, hujafa tu?" Unajua mimi na yule mtani wangu mkatisha tiketi tunavyoamkiana. Akachungulia binti yake, macho mekundu.

"Bibi, tumemzika jana."

Nikaomba radhi, akanishika mkono. "Msibani hakuja mtani hata mmoja wa kutuchekesha, tulilia tu. Twende kaburini ukamtukane."

Nimemtukana mpaka binti akacheka. Nani tena ataniita Mzaramo mvivu?

Kunywa dawa zako, mkaidi wee. Nikirudi nikukute.

Dada yako