Kichwa cha Mtani Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Pancha tisa leo. Tisa. Tabora nzima hakuna fundi baiskeli wa kunifikia, na anayebisha aje na pampu yake. Shomari upande wake wa baraza anashona na kunitukana tangu asubuhi. Mpagazi, mpagazi. Miaka ishirini na sita tunagawana baraza hii, yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara ya mababu. Hatujawahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja. Kesho tunapeleka Ulyankulu sare za shule alizoshona. Kwa pikipiki yangu. Dereva nani? Mimi, niliyefikisha matrela Lubumbashi.

Jumanne, 4 Juni
Tumeanguka. Wakati wa kurudi, kwenye mchanga. Mimi goti limechubuka. Yeye kichwa kimepiga kisiki. Helmeti iko nyumbani, kuku ametagia ndani.
Alilala kimya. Muda wa kuhesabu mpaka ishirini, labda zaidi. Nikajua amekufa. Kisha akafungua jicho, akasema mpagazi umeangusha mzigo. Tulicheka mpaka tukakaa chini.
Nundu kama limau. Ameificha chini ya kofia. Mkewe, Bi Mwanaidi, alishamkataza kupanda pikipiki yangu, kwa hiyo kaniapisha nisiseme. Nimeapa. Siri ya wanaume.

Alhamisi, 6 Juni
Kichwa kinamuuma. Nimemwambia kichwa kitupu hakina cha kuuma. Kanywa vidonge viwili, kaendelea na kazi.

Jumatano, 12 Juni
Kasinzia juu ya cherehani mara mbili. Mchana kweupe. Mara ya pili nikamfunika gunia kama maiti, nikaanza kumlilia kiutani, kwamba Mzaramo amekufa na hajamaliza suruali yangu. Watu walijaa barazani. Mama muuza karanga alicheka mpaka akamwaga karanga.
Aliamka, hakutukana. Akatazama tu gunia. Nikajihesabia ushindi.

Jumamosi, 15 Juni
Kashona kanzu ya mzee mmoja wa msikitini. Mkono mmoja kaushonea shingoni. Mzee akasema nyie watani mmezidi, mpaka nguo ya ibada. Nikacheka kama vile mzaha ulikuwa wangu. Haukuwa wangu. Shomari alikuwa anaigeuzageuza kanzu kama kazi ya fundi mwingine.
Halafu kaniuliza, Ulyankulu tunakwenda lini? Nikamjibu mwakani. Baraza nzima ikacheka. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Mara ya tatu sikucheka sana.

Jumatatu, 17 Juni
Anaburuta mguu wa kulia. Ndala ilimvuka, akaenda bila kujua. Mimi nikainuka nikamwiga anavyotembea. Mbele ya watu. Nilimwiga vizuri, mimi ni hodari wa kuiga.
Naandika ili nisije nikajidai sikufanya.

Jumanne, 18 Juni
Bi Mwanaidi kaja mpaka kwangu Itetemia, kwa miguu, jua halijapanda. Mumewe anatapika tangu alfajiri. Akiamshwa anarudi usingizini. Maneno yanamlegea mdomoni. Akasema, "Shemeji, kama huu ni utani wenu, leo basi."
Nikamwambia si utani. Nilipolisema ndipo nilipojua ni ile ajali.
Tukampeleka hospitali kwa bajaji. Wamepima malaria, hakuna. Sukari, sawa. Presha ipo juu, wakasema labda ndiyo hiyo, wakamlaza. Nesi akauliza kama aliwahi kuumia kichwa. Bi Mwanaidi akajibu hapana, hajaumia popote.
Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikanyamaza.
Nilijiambia nimeapa. Uongo. Nilimwogopa yule mama. Mimi niliyelala porini Kongo peke yangu na mzigo wa sukari.

Jumatano, 19 Juni
Asubuhi mboni ya jicho moja kubwa kuliko ya pili. Nimeiona mwenyewe. Jicho la mtu linatazama na mwenyewe hayupo.
Nikamfuata daktari. Binti, angeweza kuwa mwanangu. Nikasema mbele ya Bi Mwanaidi, maana nyuma yake ungekuwa uoga mwingine. "Daktari, aliangukia kichwa. Kwenye pikipiki yangu. Leo siku ya kumi na tano."
Hakunifokea. Heri angefoka. Aliuliza tu. Alizimia? Ndiyo, kidogo. Kichwa kimekuwa kikiuma? Ndiyo. Usingizi? Kusahau, kurudia maswali? Mguu? Kila ndiyo niliyotoa ni kitu nilichokwisha kukicheka.
Akasema damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, siku hata wiki, ikawa inaukandamiza ubongo, na mtu bado anatembea na kuongea. Kwamba aliyegonga kichwa akazimia, hata kwa kitambo kidogo, aletwe siku hiyohiyo. Asisubiriwe kutapika. Nimevuka mipaka minne na hilo silijui. Darasa la tano langu halikufika huko, na majigambo yangu hayakuniacha niulize.
Gari la wagonjwa limeondoka naye saa nne kwenda Mwanza, kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo na wapasuaji. Nafasi ya ndugu mmoja tu. Bi Mwanaidi alipanda bila kunitazama.

Ijumaa, 21 Juni
Wametoboa fuvu, matundu mawili, wametoa damu nyeusi. Yu hai. Habari nimezipata kwa jirani yao. Bi Mwanaidi hakunipigia mimi. Haki yake.
Nimeitoa helmeti chini ya kuku. Nimeiosha kwa sabuni, nimeianika. Imekauka. Sasa nini.

Jumanne, 25 Juni
Watu wanaketi barazani wanasubiri nichekeshe. Nimewaambia wote: ukipiga kichwa, nenda hospitali, na ukifika sema ulivyoumia. Mmoja akacheka, akadhani ni mwanzo wa kisa.

Jumapili, 14 Julai
Amerudi. Nimekwenda kumwona baada ya adhuhuri. Njia nzima napanga matusi, matatu mapya, makali, ya kumwamsha.
Bi Mwanaidi alinifungulia, akanipa kigoda. Hajazoea bado kunitazama. Shomari kaketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, mshono kama wa gunia. Mkono wa kulia hauna nguvu, kijiko kilikuwa kimemwanguka.
Nikamwambia, "Mzaramo, nani alikupa ruhusa ya kwenda Mwanza bila mpagazi wako?"
Akanitazama kwa adabu. Kama mgeni. Akalitafuta neno kwa muda mrefu.
"Shikamoo."
Nikasubiri acheke. Bi Mwanaidi naye alisubiri.
Nikaitikia marahaba. Nikaokota kijiko, nikakifuta, nikamlisha uji mpaka bakuli likaisha.